Biashara Hufa Ikiwa na Faida

Muulize mtu aliyefunga banda la kuku Matembwe, duka Lupembe au ghala la viazi Makambako kwa nini alifunga, na jibu litakuwa fupi: mtaji ulikata. Ni jibu la kweli, ila haligusi kiini. Ulikatia wapi, na kwa nini ukate kwa mtu ambaye kila alichouza alikiuza kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia? Kazi yangu ni kusoma madaftari ya wafanyabiashara wadogo wa mkoa huu wa Njombe, na yamenipa msimamo ambao wengi hawaupendi. Wengi wa waliofunga hawakuwa na hasara. Walikuwa na faida, tena ya kuridhisha. Kilichowaangusha ni tarehe: fedha ilitakiwa leo, na yao ilikuwa ije baada ya wiki sita. Katika hizo wiki sita walipunguza chakula cha kuku, wakakopa kwa riba ya kutisha, wakauza miti michanga kwa bei ya kutupa, na mwisho wakafunga. Kwa hiyo anayetaka kuilinda biashara ndogo aanze kwa kulinda mwendo wa fedha, yaani inatoka lini na inarudi lini. Faida ni swali la pili.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito kuliko mjini Dar es Salaam, kwa sababu kipato cha Njombe huja kwa mikupuo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Mei. Mahindi yanavunwa kuanzia Juni kuelekea Septemba. Viazi vina msimu wake, na siku lori zikijaa barabarani bei hushuka ndani ya wiki moja. Chai ya Lupembe hulipa kwa mwezi, pale kiwanda kinapolipa kwa wakati. Miti ya misindano humchukua mtu miaka mingi kabla hajaona shilingi. Lakini matumizi hayasubiri mikupuo. Januari inakuja na sare, madaftari, michango na nauli za watoto wa bweni. Kodi ya pango inataka tarehe yake, na kuku anataka kula asubuhi na jioni, uwe umeuza au hujauza. Mfanyabiashara wa Njombe anakaa katikati ya wateja wanaolipwa kwa msimu na gharama zinazodai kila siku. Asiyejipanga kwa hilo atabanwa hata kama ni hodari wa kuuza.

Hesabu ya kuku mia mbili

Tuanze na kuku, kwa sababu Matembwe ina historia nao. Kampuni ya Kijiji ya Matembwe ilianzishwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na CEFA, shirika la Kiitaliano la mjini Bologna, na shughuli zake zilisimama juu ya umeme mdogo wa maji, utotoleshaji wa vifaranga na chakula cha mifugo. Wakazi wa kata hii na za jirani wamezoea kuona maboksi ya vifaranga vya siku moja, na wengi wamejaribu ufugaji. Lakini angalia tofauti iliyopo kati ya anayetotolesha na anayefuga. Yai linakaa kwenye mashine siku 21. Kifaranga akitoka lazima auzwe haraka, maana hawezi kukaa ghalani kama gunia la mahindi. Fedha ya mtotoleshaji inarudi ndani ya mwezi. Mfugaji anayemchukua kifaranga yuleyule wa chotara atamlisha wiki kumi na nne kabla ya kumpeleka sokoni. Wote wawili wako kwenye biashara ya kuku, lakini mmoja anazungusha fedha mara nne wakati mwenzake anazungusha mara moja. Hawawezi kuendesha mambo kwa namna moja.

Sasa tushike kalamu. Bei nitakazotumia ni za mfano, kila mmoja aweke zake. Tuseme unanunua vifaranga 200 kwa shilingi 2,000 kila mmoja: 400,000. Mpaka wiki ya kumi na nne, kila kuku atakuwa amekula kilo tano hivi, kwa hiyo unahitaji mifuko 20 ya kilo 50. Ukiununua mfuko kwa 60,000, chakula ni 1,200,000. Chanjo, dawa, mkaa na maranda tuweke 200,000. Jumla 1,800,000. Wakifa 20, unabaki na 180, na ukiwauza kwa 14,000 kila mmoja unapata 2,520,000. Faida ni 720,000, sawa na asilimia 40 ya ulichotoa. Hesabu hii ndiyo inayosomwa kwenye semina, na kila mtu anatoka anatabasamu.

Semina haisemi mfuko gani unaliwa lini. Mwezi wa kwanza kundi lote linakula mifuko mitatu tu. Mwezi wa pili, sita hivi. Kuanzia wiki ya tisa hadi siku ya kuuza wanakula mifuko kumi na moja, yaani zaidi ya nusu ya chakula chote, nacho kina thamani ya 660,000. Mfugaji mgeni huona mwezi wa kwanza umepita kwa gharama ndogo, akajisikia ana nafasi, akachukua kidogo akamalizia deni la mabati. Wiki ya kumi ikifika, mfukoni hamna kitu na kuku wako kwenye umri wa kula kuliko wakati wowote. Hapo ana njia tatu, na zote mbaya. Anaweza kuchanganya pumba nyingi na mashudu kidogo. Kuku watadumaa na wiki kumi na nne zitakuwa kumi na nane, huku wanakula. Anaweza kuwauza wakiwa wepesi kwa mnunuzi anayejua kabisa kwamba amebanwa. Au anaweza kukopa kwa mtu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa inayodai kila siku. Hakuna kuku aliyekufa kwa kideri, hakuna aliyeibiwa, na bado biashara imeshaumia.

Tuseme amevuka, kuku wamefika sokoni. Kati ya 180, anauza 120 kwa fedha taslimu na kupata 1,680,000. Hao 60 waliobaki anawatoa kwa mali kauli, walipiwe baadaye: kumi kwa mama lishe, ishirini kwa mwenye baa, wengine kwa majirani na ndugu. Daftari linasema amepata faida ya 720,000. Mkononi ana 1,680,000, wakati kundi lijalo linahitaji 1,800,000. Soma tena namba hizo. Mtu mwenye faida ya asilimia 40 hawezi kuanza upya kwa ukubwa uleule. Na hapo bado hajala, hajalipa michango ya shule, na chakula cha kuku hakijapanda bei. Mfuko ukiongezeka 10,000 tu, mifuko ishirini inataka 200,000 zaidi. Ndiyo maana nasema mtaji haukatwi na hasara peke yake.

Daftari la madeni

Dukani mwendo ni uleule, ila umejificha kwenye vitu vidogo. Mteja anaingia, kamwene, habari za nyumbani, halafu: "Mama, niandikie sukari kilo mbili, nikichimba viazi napita." Ukimkatalia utaonekana una roho mbaya, na mtakutana kanisani Jumapili. Basi unaandika. Sasa fuata ile sukari. Umeinunua kwa jumla Makambako, na baada ya usafiri kilo imekusimamia 2,800, unaiuza 3,000. Faida yako ni 200. Kilo moja ikiandikwa na isilipwe kabisa, unatakiwa uuze kilo 14 kwa fedha taslimu kurudisha ile 2,800, na mpaka hapo hujapata hata senti ya faida. Hata mteja mwaminifu anayelipa baada ya miezi miwili amekugharimu. Kama mzigo wa 100,000 unakupa faida ya 7,000 na unaweza kuuzungusha kila wiki, basi laki moja iliyokaa kwenye daftari wiki nane imekunyima 56,000. Umetoa mkopo, umelipa riba wewe, na mkopaji hana habari.

Sisemi duka la kijijini liache kukopesha. Anayesema hivyo hajakaa kijijini. Nasema mkopo uwe na kimo na uwe na tarehe, na tarehe hiyo itoke kwenye kalenda ya mteja, si kwenye huruma yako. Mkulima wa chai anaweza kulipa mwisho wa mwezi. Mwalimu analipa mshahara ukiingia. Mkulima wa viazi hawezi kulipa kabla ya kuchimba, kwa hiyo deni lake liwe dogo kuliko la hao wawili, au liwe la mbolea na mbegu tu kwa maandishi. Jumla ya madeni yote ya nje isizidi faida ya mwezi mmoja wa duka. Ikifika hapo, mlango wa mkopo umefungwa kwa kila mtu, hata kwa shemeji, mpaka mmoja alipe. Sheria inayomhusu kila mtu inakuondolea lawama ya kumkataa mmoja. Kila deni liandikwe kwenye ukurasa wa mtu wake: tarehe, kitu, kiasi, siku ya kulipa, namba ya simu na sahihi. Deni likiwa kubwa, tia na shahidi. Karatasi ya namna hiyo ina nguvu hata Mahakama ya Mwanzo, ingawa kazi yake kubwa ni kuwafanya nyote wawili mkumbuke kitu kimoja.

Tunayoambizana vijiweni

La kwanza tunaloambizana ni kwamba dawa ni mtaji mkubwa zaidi. Nina shaka. Ukimpa yule mfugaji milioni nyingine bila kubadili namna anavyouza na anavyopanga chakula, atafuga kuku 300, atakopesha 100, na shimo litapanuka kwa kiwango hichohicho. Kuongeza fedha kwenye biashara isiyojua tarehe zake ni kujaza maji kwenye pipa linalovuja. Hii inahusu hata mikopo isiyo na riba. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni mpango mzuri, na kutokuwa na riba ni nafuu kubwa. Lakini mkopo usio na riba bado una tarehe za marejesho. Kikundi kikichukua fedha za kuku wa wiki kumi na nne na kutakiwa kuanza kurejesha mwezi wa pili, marejesho ya kwanza yatatoka kwenye fedha ya chakula cha kuku.

La pili ni kausha damu, na hapa nitakuwa mkali. Chukua mkopo wa 500,000 unaolipwa 20,000 kila siku kwa siku 30. Utalipa 600,000. Watu husema riba ni asilimia 20. Si kweli, kwa sababu hukukaa na ile 500,000 mwezi mzima. Ulianza kuirudisha kesho yake. Kwa wastani umekaa na nusu yake tu, kwa hiyo umelipa karibu asilimia 40 ya fedha uliyoitumia kweli, kwa mwezi mmoja. Kuku wetu wanatoa asilimia 40 kwa wiki kumi na nne, tena wasipougua. Hakuna ufundi wa ufugaji utakaoziba pengo hilo. Ubaya mwingine ni kwamba deni linadai kila asubuhi na kuku halipi kila asubuhi. Mkopo wa kila siku unaweza kumfaa muuza chapati anayeuza kila siku, na hata kwake nina wasiwasi. Kwa mfugaji, mkulima na mwenye mbao ni kitanzi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu ndiyo msimamizi. Kabla ya kusaini, omba kuona leseni, omba ratiba ya marejesho kwa maandishi, na ukikataliwa kimojawapo, ondoka. Na usiweke rehani nyumba ya familia kimyakimya: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wako.

La tatu: kuandika mauzo ni kujipeleka kwa TRA. Uoga huu unagharimu watu fedha halisi. Kwa jedwali la wafanyabiashara wadogo lililoletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi hiyo ya mapato. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kwa hiyo duka lenye mauzo ya milioni 6 na daftari zuri linalipa 60,000, na lisilo na daftari linalipa 100,000. Kati ya milioni 7 na 11 pengo linapanuka: bila kumbukumbu ni 250,000, ukiwa nazo ni 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Mauzo ya milioni 9 yanakuwa 150,000 badala ya 250,000. Bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango, kwa hiyo uliza dawati la TRA kabla ya kukadiriwa. Lakini mantiki ndiyo hiyo: daftari ndilo linalokupunguzia kodi. Asiyekuwa nalo anakadiriwa kwa macho ya ofisa, na macho ya ofisa hayaoni madeni yako.

La nne: bima ni ya wakubwa, na sisi wa sokoni soko lenyewe lina bima. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na kila mfanyabiashara nchini aliona watu wakilia mbele ya moshi. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa, masoko ya umma yakawekwa kwenye orodha ya vitu ambavyo lazima vikatiwe bima. Watu wakaelewa kwamba wamelindwa. Lakini bima ya jengo ni ya mwenye jengo. Magunia yako, mashine yako ya kusaga na kaunta yako havimo mpaka wewe ukate bima ya mali yako. Na kwa sheria yetu bima haianzi kwa ahadi. Hujalipa, huna bima. Kwa mwenye banda la kuku nasema bima ya bei ndogo kuliko zote ni matofali. Juni na Julai baridi ya Njombe inatulazimisha kuwasha mkaa usiku kucha ndani ya banda la mbao lenye maranda sakafuni. Jiko likae juu ya matofali, lizungushiwe wavu, maranda yasiukaribie moto, na hewa ipite juu ili moshi usiwaue waliokwepa baridi. Chanjo nazo ni bima: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, ndui wiki ya sita hadi ya nane, halafu kideri kila baada ya miezi mitatu. Anayeruka chanjo ili aokoe elfu chache anacheza kamari na milioni na laki nane.

La tano, akiba yangu ipo kwenye miti. Kwa Njombe, hii ni kauli ya fahari, na miti imewasomesha wengi. Lakini mti haununui mfuko wa chakula wiki ya kumi. Anayelazimika kuuza shamba la misindano kabla haijakomaa anauza miaka ya ukuaji iliyobaki kwa bei ya siku moja ya shida, na anayeacha akiba yote kwenye miti analala macho kila kiangazi moto unapopita vilimani. Miti ni akiba ya miaka. Biashara inahitaji pia akiba ya wiki.

Kalenda kwanza, fedha baadaye

Nishauri nini basi? Anza na karatasi moja. Chora wiki kumi na nne, au miezi kumi na miwili kama una duka. Kila wiki andika kitakachotoka na kitakachoingia kwa hakika, si kwa matumaini. Kuku wa mali kauli wasihesabiwe mpaka walipwe. Wiki ambayo kinachotoka kinazidi kilichopo, hapo ndipo biashara yako itakufia, na sasa unaijua kabla. Kwa mfano wetu, kuku mmoja anakula mtaji wa 9,000 mpaka kuuzwa. Kwa hiyo gawa fedha uliyonayo kwa 9,000, halafu punguza moja ya tano kwa ajili ya bei kupanda. Mwenye 900,000 asichukue vifaranga 200 kwa sababu fedha ya vifaranga inatosha; achukue 80. Ni idadi isiyovutia kusimulia, lakini atawafikisha sokoni wakiwa na uzito.

Pili, panga tarehe ya kuingiza vifaranga kwa kuangalia mahindi na sikukuu kwa pamoja. Vifaranga wanaoingia wiki ya pili ya Septemba wanakula mahindi yaliyovunwa karibuni na wanafika sokoni kabla ya Krismasi. Wanaoingia Januari wanakula chakula cha bei ya juu, wakati ghala za watu zinaelekea kuisha na fedha yako inavutwa na shule. Kwa kuwa kila mtu ataiona Septemba, agiza vifaranga mapema, na tafuta wanunuzi wanaotoa malipo ya awali kabla ya Desemba. Mwenye mabanda mawili yaliyotengana anaweza kuingiza makundi madogo kwa kupishana ili fedha iingie mara nyingi zaidi. Mwenye banda moja asijaribu, maana kuchanganya umri ni kuwarithisha wadogo magonjwa ya wakubwa.

Tatu, tenganisha fedha kwa laini, si kwa kichwa. Laini moja, au akaunti moja, iwe ya biashara tu, na mauzo yote yapite humo. Kisha jilipe kiasi kilekile kila mwezi, hata kama ni 60,000, na nyumba iishi kwa hicho. Wapo wanaosema biashara changa haiwezi kulipa mshahara. Biashara changa inalipa tayari. Inalipa kwa mayai yanayoingia jikoni, kuku anayechinjwa mgeni akija, elfu mbili ya vocha na elfu tano ya harusi. Tofauti ni kwamba hakuna anayehesabu. Kuku aliyechinjwa kwa mgeni aandikwe kwa bei ya sokoni kwenye safu ya nyumbani. Ukarimu ubaki palepale, ila ujue unalipwa na nani. Kwenye simu hiyohiyo, usimkabidhi mtu mzigo kwa kusoma ujumbe wa muamala. Angalia salio lako kwanza, kwa sababu ujumbe wa kughushi unafanana na wa kweli. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, na kila mara piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Nne, akiba ya dharura ya wiki nne za gharama, nje ya biashara na nje ya miti. Itajengwa polepole, sehemu kidogo ya kila mauzo, na kwa wengi wetu mahali pake pa asili ni VICOBA. Hapa nina ombi kwa viongozi wa vikundi. Vikundi vingi hugawana Desemba, fedha ikaishia kwenye sikukuu, na Januari wanachama wanakopa upya. Hamisheni tarehe ya kugawana hadi mwanzoni mwa Septemba, wakati mfugaji anaingiza vifaranga na mkulima anatafuta mbegu na mbolea kabla ya mvua. Kikundi chenye wanachama walewale na michango ileile kitakuwa kimewapa mtaji wa msimu bila kumkopa mtu yeyote.

Ombi la mwisho ni kwa maofisa maendeleo ya jamii wanaopitia maombi ya mikopo ya asilimia 10. Fomu zinauliza jina la kikundi, mradi na kiasi kinachoombwa. Ulizeni pia: fedha inatoka wiki gani na inarudi wiki gani? Kikundi kisichoweza kujibu kirudishwe kikafundishwe, siyo kukataliwa. Na kikundi kinachoweza kujibu kipewe marejesho yanayoanza siku mazao yake yanapouzwa. Mkopo wa kuku wa wiki kumi na nne uanze kurejeshwa wiki ya kumi na tano. Mabadiliko hayo hayataki bajeti mpya wala sheria mpya. Yanataka safu moja ya ziada kwenye fomu, na mtu wa kuisoma.